Kwaya Iliyochukua Jina la Jubilei: Safari za Waimbaji wa Fisk Ng'ambo, 1871–1878

Neno jubilei, lililoandikwa katika jalada la kitabu hiki, asili yake ni sura ya 25 ya Kitabu cha Mambo ya Walawi. Humo Waisraeli waliagizwa kuutakasa mwaka wa hamsini: baragumu ipigwe katika nchi yote, mtumwa aachiwe huru, na kila mtu arudi kwa jamaa yake na katika shamba la baba zake. Usharika unapoadhimisha miaka mia moja kwa neno hilo, inafaa kuikumbuka kwaya moja ya Kikristo iliyolichukua kuwa jina lake zaidi ya miaka 150 iliyopita, ikavuka bahari nalo, na ikarudi na fedha za kujenga nyumba ambayo imesimama hadi leo.

Kwaya hiyo ni Fisk Jubilee Singers, Waimbaji wa Jubilei wa Fisk, wa mji wa Nashville, Marekani. Habari zake zinawahusu wanakwaya wa Kilutheri wa Tanzania kwa sababu nyingi. Miaka mingi sasa kwaya za sharika zimekuwa zikialikwa na sharika rafiki za Ujerumani, Marekani na nchi za Skandinavia. Kila mwaliko ukisomwa, maswali huwa ni yaleyale: Nauli italipwa na nani? Nani ataachwa? Fedha zitakazopatikana zitafanya kazi gani? Na je, waendao wanakwenda kuimba au wanakwenda kutembea? Vijana wa Fisk waliyajibu maswali hayo kwa miaka saba mfululizo, na majibu yao yaliwagharimu.

Shule iliyoanzia katika mabanda ya hospitali

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865, na watumwa wapatao milioni nne wakawa huru. Wengi wao walikuwa wamekatazwa kwa sheria kujifunza kusoma. Januari 1866, American Missionary Association, chama cha misioni kilichoundwa mwaka 1846 na Wakristo waliopinga utumwa, kilifungua shule mjini Nashville katika mabanda ya mbao yaliyokuwa hospitali ya jeshi. Shule ilipewa jina la Jenerali Clinton B. Fisk, aliyesaidia kupatikana kwa mabanda hayo. Walikuja watoto wa miaka saba pamoja na wazee wenye mvi, wakaketi darasa moja na kuanza na herufi za kwanza.

Kufikia mwaka 1871 shule ilikuwa ukingoni mwa kufungwa. Mabanda yalikuwa yameoza, madeni yalikuwa yameongezeka na chakula cha wanafunzi kilikuwa hafifu. Mhazini wa shule aliitwa George L. White, mwana wa mhunzi wa jimbo la New York, aliyepigana vita upande wa Kaskazini. Hakusomea muziki kwa kiwango kikubwa, lakini alikuwa na sikio zuri na alipenda kuimba, na kwa hiyo alikabidhiwa pia kufundisha kwaya. White alitoa shauri ambalo wakuu wake waliliona kuwa la hatari: awachukue vijana waliokuwa wakiimba vizuri, azunguke nao katika miji ya Kaskazini, na kukusanya fedha za kuiokoa shule. Chama kilikataa kudhamini safari hiyo. White hakurudi nyuma. Alichukua kidogo kilichobaki katika hazina, akaongeza alichoweza kukopa, na tarehe 6 Oktoba 1871 akaondoka Nashville na vijana tisa. Wengi wa vijana hao walikuwa wamezaliwa utumwani.

Msaidizi wake alikuwa Ella Sheppard, binti wa miaka 20, mpiga piano na mwalimu wa sauti. Baba yake alimkomboa kutoka kwa bwana wake kwa dola 350, lakini mama yake aliuzwa mbali, na wawili hao hawakuonana tena mpaka vita vilipokwisha. Ella alipotaka kujifunza piano huko Cincinnati, mwalimu alikubali kwa sharti kwamba binti aje usiku na kupitia mlango wa nyuma. Alipofika Fisk alikuwa na dola sita mkononi. Msichana huyo ndiye aliyewanoa wenzake sauti kwa sauti, na katika tamasha nyingi aliongoza kwaya akiwa amesimama katikati yao, bila ishara ambayo wasikilizaji wangeweza kuiona kwa urahisi.

Sadaka ya wasio na kitu

Majuma ya kwanza yalikuwa ya uchungu. Watu walikuja wachache, na vikapu vilirudi na senti. Hoteli nyingi ziliwakataa kwa sababu ya rangi yao. Mwenye nyumba mmoja ya wageni aliwapokea akidhani ni Wazungu waliojipaka masizi usoni kwa maigizo, kama ilivyokuwa desturi ya michezo ya kuchekesha ya siku zile. Alipotambua kwamba ni weusi kweli, aliwafukuza.

Jambo moja la majuma hayo linastahili kukumbukwa na kila mhazini wa kwaya. Tarehe 8 Oktoba 1871, siku mbili baada ya safari kuanza, moto mkubwa uliuteketeza mji wa Chicago. Waimbaji walikuwa Ohio, hawajui watalala wapi wala watakula nini. Mapato ya tamasha lao la wakati huo hayakufika dola 50. Waliyatoa yote kuwasaidia waliounguliwa.

Walipofika mji wa Columbus, White alikesha akiomba, na asubuhi akawaambia kwamba amewapatia jina: wataitwa Waimbaji wa Jubilei, kwa kuwa wengi wao walikuwa wameiona jubilei ya Mambo ya Walawi katika maisha yao wenyewe.

Nyimbo zilizoimbwa mlango ukiwa umefungwa

Mwanzoni kwaya haikuziimba hadharani nyimbo ambazo baadaye ziliipa sifa. Orodha yake ilikuwa ya nyimbo za Ulaya na za Marekani zilizozoeleka katika kumbi za tamasha. Nyimbo za mashambani, zile ambazo wazazi wao walizitunga utumwani wakiomba, wakilia na kuonyana kwa mafumbo, ziliimbwa faraghani tu, chumbani, milango ikiwa imefungwa. Ella Sheppard alieleza baadaye kwamba nyimbo hizo zilikuwa takatifu kwa wazazi wao, na pia zilihusishwa na utumwa ambao vijana walitaka kuusahau. Kuziimba mbele ya wageni waliolipa kiingilio kuliwaonea haya.

Novemba 1871 waliruhusiwa kuimba mbele ya mkutano wa kitaifa wa makanisa ya Congregational huko Oberlin, Ohio. Wajumbe walikuwa wakizungumza wao kwa wao bila kuwajali. Waimbaji walianza kwa sauti ya chini sana wimbo uitwao Steal Away, na ukumbi ukanyamaza. Tangu siku hiyo nyimbo za wazazi zilichukua nafasi ya kwanza katika orodha yao. Desemba walialikwa katika Kanisa la Plymouth huko Brooklyn, kwa mhubiri Henry Ward Beecher, na milango mingine mingi ikafunguka. Mwaka 1872 waliimba Ikulu ya Washington mbele ya Rais Ulysses S. Grant. Walirudi Nashville mwaka huo na dola 20,000, wakanunua eneo la ekari 25 palipokuwa na ngome ya jeshi. Mwaka huohuo mwanamuziki Theodore F. Seward aliziandika nyimbo zao kwa noti na kuzichapisha.

Wapo waliosema baadaye kwamba kwaya hiyo ilizinyoosha mno nyimbo za mashambani, ikizipangia sauti nne kama kwaya za Ulaya na kuziondolea miguu na makofi. Mwandishi Zora Neale Hurston aliandika mwaka 1934 kwamba nyimbo za kumbi za tamasha si zile zilizoimbwa na watu kanisani mwao. Ubishi huo si mgeni kwa Walutheri wa Tanzania, ambao kwa miongo mingi walijadiliana kuhusu ngoma, kayamba na zaburi za sauti nne. Hata hivyo, bila vijana wa Fisk kuzisimamisha jukwaani na bila kalamu ya Seward, nyingi za nyimbo hizo huenda zingezikwa pamoja na waliozitunga.

Kuvuka bahari

Fedha za uwanja hazikutosha kujenga. Iliamuliwa kwaya ivuke Atlantiki. Mashirika kadhaa ya meli yalikataa kuwapa vyumba vya abiria wa daraja la kwanza, mpaka kampuni ya Cunard ilipowakubali katika meli ya Batavia. Waliondoka Boston Aprili 1873.

Tarehe 6 Mei 1873 waliimba kwa mara ya kwanza London, katika ukumbi uliojulikana kama Willis's Rooms, mbele ya wageni walioalikwa na Earl wa Shaftesbury, mtetezi wa maskini na wa watoto wa viwandani. Siku iliyofuata walialikwa nyumbani kwa Duke wa Argyll, na huko Malkia Victoria alifika kuwasikiliza. Walimwimbia Steal Away, Sala ya Bwana kwa sauti ya zaburi, na Go Down, Moses, wimbo wa Musa mbele ya Farao. Malkia aliandika habari zao katika shajara yake, akisifu uimbaji wao. Ella Sheppard, aliyeingia nyumbani kwa mwalimu wa piano kwa mlango wa nyuma, sasa aliimba mbele ya mtawala wa dola kubwa kuliko zote za siku zile.

Julai mwaka huo Waziri Mkuu William Gladstone aliwakaribisha nyumbani kwake. Mchungaji Newman Hall, aliyekuwapo, aliandika katika gazeti la Marekani kwamba waimbaji hawakuwekwa pembeni. Waliketi mezani pamoja na wageni wakuu, wakila na kuzungumza nao kama wageni wengine. Barua hiyo iliwashangaza wasomaji wa Marekani kuliko sifa zote za sauti zao, kwa kuwa nyumbani kwao kulikuwa na hoteli nyingi ambazo vijana haohao hawakuruhusiwa kulala.

Yote waliyoyaona ng'ambo yanaeleweka kwa mfano huo. Waliona miji mikuu, majumba ya kifalme na makanisa ya kale. Walizunguka Uingereza na Scotland, wakaimba Hull, mji alikozaliwa William Wilberforce aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Katika mapumziko walipata kuiona Geneva. Lakini jambo lililowagusa zaidi halikuwa jengo wala mlima. Ni kuingia katika behewa la treni bila kufukuzwa, kuagiza chakula na kuletewa, na kuitwa kwa majina yao kamili. Ndiyo maana baadhi yao hawakurudi. Isaac Dickerson alibaki Uingereza, akasoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuwa mhubiri. Thomas Rutling naye aliishi Uingereza akifundisha na kuimba mpaka alipofariki mwaka 1915.

Tena hawakuimba kwa ajili ya wenye kiingilio peke yao. Waliimba hospitalini, magerezani na katika shule za Jumapili bila malipo, na mwaka 1873 walishiriki katika mikutano ya injili ya Dwight Moody mjini Newcastle. Waliporudi Marekani mwaka 1874 walikuwa wamekusanya karibu pauni 10,000, sawa na dola 50,000 za wakati huo.

Mwaka wa soko la Unguja

Safari hiyo inagusana na historia ya Afrika Mashariki kuliko inavyodhaniwa. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1871, wakati vijana wa Fisk walipokuwa wakitafuta pa kulala Ohio, David Livingstone alikuwa Ujiji, mgonjwa, akiwa ametoka kushuhudia mauaji ya Nyangwe yaliyofanywa na wafanyabiashara ya watumwa. Alifariki Mei 1873, majuma yaleyale waimbaji walipokuwa wakipokewa London. Na tarehe 5 Juni 1873, wakiwa bado Uingereza, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Siku ya Krismasi mwaka huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana pale Mkunazini, palipokuwa soko.

Kwa hiyo Waingereza waliokwenda kuwasikiliza vijana wa Fisk walikuwa watu ambao magazeti yao ya asubuhi yalikuwa na habari za Unguja na za Livingstone. Mbele yao walisimama watu waliokuwa wameuzwa na kununuliwa, wakiimba. Hotuba na takwimu ziliwafikia kwa macho, na nyimbo zikawafikia kwa masikio.

Uhusiano huo haukuishia katika hisia. Jengo la kwanza, Jubilee Hall, lilizinduliwa Nashville tarehe 1 Januari 1876, likiwa na ghorofa sita mahali palipokuwa ngome. Jengo la pili ambalo waimbaji walilitafutia fedha Ulaya lilipewa jina la Livingstone, na lilikusudiwa kuwaandaa wanafunzi watakaokwenda kuhubiri Afrika. Lilifunguliwa mwaka 1882. Kabla ya hapo wanafunzi wa Fisk walikuwa wamekwisha kutumwa katika misioni ya Mendi huko Sierra Leone.

Walutheri wa Tanzania wanayo kumbukumbu yao wenyewe upande huo. Wamisionari Wajerumani waliofika pwani mwaka 1887 na katika miaka iliyofuata walikuta biashara ya watumwa haijafutika, na Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 ikiwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Wapo mababu wa imani katika sharika za Kilutheri ambao jubilei ya Mambo ya Walawi iliwahusu wao binafsi, kama ilivyowahusu waimbaji wa Fisk.

Ujerumani na gharama ya wimbo

Safari ya pili ya Ulaya ilianza mwaka 1875. Sasa alikuwamo Frederick Loudin, mwenye sauti nzito ya besi, mzaliwa wa Ohio ambaye hakuwahi kuwa mtumwa. Baada ya Uingereza kwaya ilikwenda Uholanzi mwaka 1877, na katika majira ya vuli ikaingia Ujerumani. Mjini Berlin waliimba katika kanisa kuu, na huko Potsdam waliimba mbele ya Mwana wa Mfalme Friedrich na mkewe Victoria, binti wa Malkia wa Uingereza. Wasikilizaji wengi hawakujua Kiingereza, lakini hao walikuwa watu waliolelewa katika nyimbo za Martin Luther na muziki wa Bach, wenye kujua kwaya inapopoteza sauti na inapoishika. Wakosoaji wa muziki waliwasikiliza kwa makini na kuandika kwa heshima. Miaka kumi tu baadaye wamisionari wa kwanza wa Kilutheri kutoka nchi hiyohiyo walitia nanga Dar es Salaam.

Lakini historia ya kweli haina budi kusema pia yaliyotokea nyuma ya pazia. Shajara ya Ella Sheppard na barua za mwimbaji America Robinson zimehifadhiwa, nazo zinaeleza mambo ambayo matangazo ya tamasha hayakuyaeleza: homa, kikohozi, safari za usiku, sauti zilizokauka, ugomvi kati ya waimbaji, na manung'uniko kuhusu mishahara na ratiba zisizo na mapumziko. Mke wa George White, Laura, alifariki wakiwa Scotland mwaka 1874, na White mwenyewe alidhoofika kwa ugonjwa wa mapafu. Julia Jackson alipatwa na kiharusi. Benjamin Holmes, ambaye utumwani aliwasomea wafungwa wenzake tangazo la uhuru la Lincoln kwa sauti, alikufa kwa kifua kikuu akiwa bado kijana.

Kuna jambo jingine lenye uchungu wake. Vijana waliimba ili wengine wasome, na wao wenyewe wakakosa darasa. America Robinson alihesabiwa kati ya wahitimu wanne wa kwanza wa shahada wa Fisk mwaka 1875, lakini waimbaji tisa walioondoka Oktoba 1871 hawakumaliza masomo yao hapo. Kila mwaka walipoomba kurudi shuleni waliambiwa kwamba bado kuna deni, bado kuna ghorofa. Mwaka 1878, mjini Hamburg, kwaya ilivunjwa ikiwa imechoka kabisa. Kwa miaka saba ilikuwa imekusanya dola zipatazo 150,000. Fedha hizo zilionekana kwa macho: kiwanja, matofali, paa, vyumba vya kulala. Hakuna aliyeweza kuuliza zilikokwenda. Lakini ni haki pia kuuliza kama waliowatuma waliwatunza waimbaji kwa uangalifu uleule waliotunza mapato yao.

Wimbo unaozaa wimbo

Loudin aliunda kundi lake na kuzunguka dunia kati ya mwaka 1884 na 1890, akifika Australia, New Zealand, India na Japani. Mmoja wa waimbaji wake, Orpheus McAdoo, alianzisha kundi jingine na kulileta Afrika Kusini mwaka 1890. Vijana wa Kiafrika waliolisikia walijiuliza: ikiwa weusi wa Marekani wameweza, kwa nini sisi tusiweze? Mwaka 1891 ikaundwa kwaya iliyoitwa African Choir, ikaenda Uingereza, na Julai mwaka huo ikaimba mbele ya Malkia Victoria huko Osborne.

Kwaya hiyo ilikuwa na shabaha nzuri, kukusanya fedha za kujenga shule ya ufundi nyumbani. Lakini haikuwa na mhazini wa namna ya White. Mapato yalipotea katika gharama, na katika safari ya Marekani iliyofuata viongozi wa msafara waliwaacha waimbaji Ohio bila fedha wala nauli. Mungu aliligeuza baya hilo. Wakristo weusi wa huko waliwapokea, na binti mmoja aliyekuwamo, Charlotte Manye, alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Wilberforce. Alihitimu akiwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kupata shahada, na barua zake nyumbani zilisaidia kuliunganisha kanisa la Kiethiopia la Mangena Mokone na Kanisa la AME la Marekani mwaka 1896. Kwa jina la mumewe, Maxeke, anakumbukwa kuwa mwanzilishi wa umoja wa wanawake wa Kiafrika mwaka 1918.

Kwaya hizo mbili ziliimba vizuri, na zote mbili ziliwaona watawala. Tofauti yake ilikuwa katika maandalizi, katika uaminifu wa viongozi na katika hesabu.

Yanayofaa kurudi nayo

Safari za kwaya za Kilutheri kutoka Tanzania zimekuwa na zawadi yake ya pekee. Waimbaji wanaokwenda Ujerumani wakati wa Pasaka huweza kukuta wimbo wa nyumbani kwao umetangulia kufika. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, aliandika wimbo wa ufufuo Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya kwao Bukoba. Umetafsiriwa kwa Kijerumani na kuwekwa namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilichoanza kutumika katika miaka ya 1990. Bukoba iliwahi kupokea nyimbo kutoka Ujerumani, na sasa Ujerumani inaimba wimbo wa Bukoba. Hiyo ndiyo sababu iliyo bora ya kwaya kuvuka bahari: kupeana.

Kwa hiyo swali la kuimba au kutembea halina budi kujibiwa kwa upole. Mwanakwaya akiona mji mgeni hatendi dhambi, maana hata waimbaji wa Fisk walihitaji pumziko la Geneva, na pengine walihitaji zaidi ya walilopewa. Kinachoulizwa ni safari imeacha nini nyumbani ilikotoka na kule ilikofika, na kama waliosafiri wamerudi wakiwa na afya, wakiwa na upendo kati yao, na wakiwa na hesabu inayosomeka mbele ya washarika.

Fisk bado ipo, na kwaya yake bado inaimba. Mwaka 2007 waimbaji wake walikwenda Ghana katika sherehe za miaka 50 ya uhuru wa nchi hiyo, wakasimama katika bara walikotolewa mababu wa wale tisa. Mwaka 2021 albamu yao ya kuadhimisha miaka 150 ilipata tuzo ya Grammy. Lakini kila tarehe 6 Oktoba, siku ambayo shule huiita Siku ya Jubilei, wanafunzi hawaendi mbali. Huenda makaburini Nashville, wakasimama mahali alipolazwa Ella Sheppard, aliyefariki mwaka 1914, na mahali walipolazwa wenzake, nao huwaimbia nyimbo zilezile ambazo zamani ziliimbwa mlango ukiwa umefungwa.

Mungu aliyewavusha vijana wale bahari na awalinde wanakwaya wa usharika huu katika karne ya pili, wale wanaosafiri na wale wanaobaki kuishika ibada ya Jumapili.